Dawa za Miti na Dripu ya Kansa: Je, Zichanganywe?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunajibu swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa. Mama amegundulika kuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Ameanza matibabu hospitalini na anatundikiwa dripu za dawa kali. Huku nyumbani shangazi amemletea chupa ya majani yaliyochemshwa, jirani amemletea unga wa mizizi, na mdogo wake aliye mjini amemtumia vidonge vya manjano akisema vinaua kansa. Mama anabaki kujiuliza: Je, ninywe hizi na zile? Nikimwambia daktari, atanigombeza? Nikikataa, ndugu zangu watasema nimewadharau?

Swali hili si la kipuuzi. Wataalamu katika nchi nyingi wanalifanyia utafiti. Sisi tunataka kulijibu bila kuwadharau wazee waliotuachia ujuzi wa miti, na bila kumficha mgonjwa ukweli. Jibu letu kwa kifupi ni hili: dawa itokayo kwenye mti inaweza kuungana na dawa ya hospitali, na kwa kweli zimekwisha kuungana. Lakini mchanganyiko huwa dawa pale tu unapokuwa umepimwa. Usiopimwa waweza kumharibia mgonjwa hata ile tiba aliyo nayo. Tuone kwa nini.

UGONJWA WENYEWE

Shingo ya kizazi, ambayo wengine huiita mlango wa kizazi, ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapofungukia ukeni. Karibu kansa zote za sehemu hii husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyeongoza uchunguzi ulioonyesha uhusiano huo, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Zipo aina nyingi za HPV, lakini aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha yapata asilimia 70 ya kansa hizi duniani.

Watu wengi, wake kwa waume, hupata virusi vya HPV wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Kwa hiyo ugonjwa huu si alama ya uasherati. Mke mwaminifu kabisa aweza kuupata, na asionyeshwe kidole.

Virusi vikibaki mwilini kwa muda mrefu hubadili seli, yaani chembe hai za shingo ya kizazi, hata zikaanza kuzaana ovyo. Kwa kawaida hatua hizo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano mwenye VVU asiyetumia dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata kansa hii mara sita zaidi ya asiye na VVU.

Hapa Tanzania hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Sababu kubwa ya vifo hivyo ni kuchelewa. Dalili zenyewe ni kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi na hedhi, au baada ya kukoma hedhi. Kutokwa uchafu wenye harufu mbaya. Na maumivu ya nyonga au ya kiuno. Kwetu huku, ambako kichocho ni kingi, mama akiona damu huambiwa, "Ni kichocho tu, kitapita." Wengine huweka majani au unga ukeni ili kukausha uchafu. Uchafu hupungua kwa siku chache, dalili ikafichika, na kansa ikaendelea kukua kimya kimya. Hapo ndipo dawa ya miti inapoanza kuleta hasara, kabla hata dripu haijatajwa.

HOSPITALI INATIBU NAMNA GANI

Kansa ikigundulika mapema kabisa, ingali ndogo, huondolewa kwa upasuaji. Ikiwa imekwisha kuenea pembeni ya shingo ya kizazi lakini haijafika mbali mwilini, tiba kuu ni mionzi ikiambatana na dawa iitwayo sisplatini. Mionzi huunguza seli za kansa, na sisplatini huzifanya zisiweze kuistahimili. Tangu mwaka 1999, baada ya majaribio makubwa kuonyesha kwamba wagonjwa waliopewa vyote viwili waliishi zaidi, huu umekuwa utaratibu wa hospitali duniani kote.

Sisplatini haitoki kwenye mti. Imetengenezwa kwa madini ya platini. Mwaka 1965, mtaalamu wa Marekani, Barnett Rosenberg, alikuwa anachunguza athari ya umeme kwa vijidudu, akaona vimeacha kugawanyika. Kumbe si umeme uliovizuia, bali kemikali iliyotoka kwenye vyuma vya platini alivyotumia. Dawa hii hushika uzi wa urithi ulio ndani ya seli, na seli iliyoshikwa hivyo haiwezi kugawanyika, hatimaye hufa.

Ni dawa nzuri, lakini ni kali. Huleta kichefuchefu na kutapika, yaweza kupunguza usikivu wa masikio, na zaidi ya yote huumiza figo. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji ya dripu kabla na baada ya dawa, na damu yake hupimwa kabla ya kila dozi. Dozi yenyewe hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili wa mgonjwa: inapotolewa pamoja na mionzi, kawaida ni miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki tano au sita. Msomaji aangalie vizuri neno hilo: hukadiriwa. Mama mwembamba hapewi sawa na mama mnene, na mwenye figo dhaifu hapewi sawa na mwenye figo nzima.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mwanza, Geita, Mara au Kagera aliyehitaji mionzi ilimbidi asafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi walishindwa nauli wakarudi nyumbani. Siku hizi Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chetu cha Mwanza, nayo inatoa huduma ya mionzi na dripu za kansa. Anayetoka Sengerema anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, na anayetoka Ukerewe angali anapanda meli au kivuko. Safari imepungua, lakini bado ni ya gharama, na kila safari ni kishawishi cha kusema, "Basi, wiki hii nitakunywa majani nipumzike."

MITI ILIYOMO NDANI YA CHUPA

Watu wengi hudhani kwamba hospitali na miti ni maadui. Sivyo. Tuanze na ugonjwa tunaoujua wote, yaani malaria. Tangu mwisho wa mwaka 2006 Tanzania imetumia dawa ya mseto, ile ALu. Tunaiita mseto kwa sababu ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Moja kati ya hizo hutengenezwa kutokana na mmea wa Kichina, atemisia, na mtaalamu aliyeitoa katika mmea huo, mama Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hizo mbili zimeunganishwa kwa makusudi. Ya mmea huua vijidudu upesi lakini haikai mwilini, na mwenzake hukaa siku nyingi ikimalizia kazi. Huo ndio mseto uliopimwa.

Kwa kansa ya shingo ya kizazi mambo ni hayo hayo. Mwaka 1962 watafiti wa Marekani walikusanya maganda ya mti mmoja wa milimani magharibi mwa nchi yao. Wataalamu Monroe Wall na Mansukh Wani wakatoa humo dawa ambayo leo inaitwa paklitakseli, wakaitangaza mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz alieleza jinsi inavyofanya kazi: hukaza nyuzi ambazo seli huzitumia inapogawanyika, hata zisiweze kulegea. Ilipofika mwaka 1992 tu ndipo dawa hiyo iliporuhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa kansa. Tuhesabu basi: tangu ganda la mti hadi chupa ya hospitali ni miaka 30.

Leo paklitakseli hutolewa pamoja na dawa za platini kwa kansa ya shingo ya kizazi iliyosambaa au iliyorudi. Kisha mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 500 wa Uingereza, Meksiko, India, Italia na Brazil. Nusu yao walipewa mionzi na sisplatini kama kawaida. Nusu nyingine walitanguliziwa wiki sita za paklitakseli na dawa nyingine ya platini iitwayo kaboplatini, ndipo wakaendelea na mionzi. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 72, na katika kundi la pili asilimia 80. Katika kila wanawake 100, wanane zaidi waliokolewa na dawa iliyoanzia kwenye ganda la mti, ikiunganishwa na madini.

Tena kuna jambo la kushangaza. Dawa hizi mbili, paklitakseli na sisplatini, zikitolewa siku moja, hutangulia paklitakseli. Ilionekana kwamba sisplatini ikitangulia, mwili hushindwa kuitoa paklitakseli upesi, na chembe nyeupe za damu hupungua mno. Ni dawa zile zile na kipimo kile kile. Umebadilika mpangilio tu, na madhara yakaongezeka. Ikiwa dawa mbili zinazojulikana kabisa zinahitaji uangalifu namna hiyo, je, itakuwaje kwa chupa ya majani ambayo hatujui ndani yake mna nini, na nguvu yake ni kiasi gani?

KUUA SELI KATIKA MAABARA SI KUPONYA MTU

Hapa msomaji atauliza: "Lakini tumesikia redioni na kwenye simu kwamba manjano yanaua kansa ya kizazi, na kwamba yakichanganywa na sisplatini yanaiongezea nguvu. Je, ni uongo?"

Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mwaka 1951, katika mji wa Baltimore huko Marekani, mama mmoja Mmarekani mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks alifariki kwa kansa ya shingo ya kizazi. Seli zilizochukuliwa kutoka kwenye uvimbe wake, bila yeye kuombwa ruhusa, ziliendelea kuzaana katika chupa za maabara, na zinazaana hadi leo. Zinaitwa HeLa. Majaribio mengi tunayoyasikia yamefanywa juu ya seli hizo au za namna hiyo. Mtafiti humwagia sisplatini, huongeza dutu itokayo kwenye manjano, chai ya kijani au habasoda, kisha huhesabu seli zilizokufa. Mara nyingi ni kweli kwamba zikiwekwa mbili hufa nyingi zaidi. Kwa manjano imeonekana hata kwamba dutu yake, kurkumini, hupunguza zile protini za HPV zinazowalaza usingizi walinzi wa seli.

Kazi hiyo ni nzuri na inafaa iendelee. Lakini seli iliyo katika kisahani cha maabara haina tumbo, haina ini wala figo. Dawa humwagwa juu yake moja kwa moja. Mama akinywa manjano, lazima yapite tumboni, yaingie katika damu, yapite kwenye ini, ndipo yafike kwenye shingo ya kizazi. Kurkumini hushindwa safari hiyo. Watu waliokunywa hata gramu kadhaa kwa siku, kiasi kisichoweza kupatikana katika mchuzi, walipopimwa damu zao kilionekana kidogo mno. Na hata siki au chumvi nyingi ikimwagwa juu ya seli za kansa itaziua, lakini hakuna anayetibu kansa kwa chumvi. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Imethibitishwa inaua seli za kansa," muulize swali moja: Je, imewaponya watu waliopewa, wakilinganishwa na watu ambao hawakupewa?

MCHANGANYIKO UNAPOGEUKA HATARI

Wengine husema, "Ikiwa haiponyi, basi angalau haidhuru." Hili nalo si kweli daima. Kuna njia nne ambazo dawa ya kienyeji yaweza kupigana na dripu.

Kwanza, yaweza kuifukuza dawa mwilini. Kazi mojawapo ya ini ni kuvunjavunja dawa. Miti mingine huliamsha ini lifanye kazi hiyo kwa kasi. Huko Uholanzi, mwaka 2002, wagonjwa waliokuwa wakitibiwa kwa dawa ya kansa iitwayo irinotekani walipewa pia mmea mmoja wa Ulaya unaotumika kwa huzuni. Kiasi cha dawa yenye nguvu katika damu yao kilipungua kwa asilimia 42. Mgonjwa huketi kwenye kiti, dripu inaisha yote, anaamini amepata dozi kamili, kumbe amepata zaidi kidogo ya nusu.

Pili, yaweza kuishika dawa isifanye kazi. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba dutu ya chai ya kijani, ambayo husifiwa sana kwa kansa, iliinasa dawa moja ya kansa ya damu, bortezomibu, hata seli za kansa zikapona. Wao walitegemea zitasaidiana.

Tatu, yaweza kuongeza sumu juu ya sumu. Sisplatini imekwisha kuzielemea figo. Dawa ya mizizi inayoumiza figo au ini itamaliza kazi iliyoanzwa. Shubiri na dawa nyingine za kusafisha tumbo huharisha, na mgonjwa anayeharisha hupoteza maji yale yale yanayolinda figo zake. Figo zikishuka, daktari hulazimika kuahirisha dripu au kuisimamisha kabisa. Familia husema dripu ndiyo iliyomshinda mama, kumbe ni chupa iliyofichwa chini ya kitanda.

Nne, yaweza kuleta vijidudu. Siku chache baada ya dripu chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hupungua. Majani yaliyolowekwa katika maji yasiyochemshwa, au unga uliosagwa na kuanikwa chini, ambao mtu mzima angeunywa bila neno, kwa mgonjwa huyu waweza kuleta homa ya kuua.

HABARI MBILI KUTOKA KWETU

Mtu asidhani habari za miti ya kansa ni za Marekani na Uchina tu. Katika miaka ya 1970 mti wa jamii ya Maytenus uvunwao Shimba Hills, nyuma ya pwani ya Kenya, ulisafirishwa kwa wingi, yapata tani 27, kwenda Marekani kufanyiwa uchunguzi. Dutu yake, maitansini, ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1972 katika mti ndugu yake kutoka Ethiopia. Katika maabara iliua seli za kansa kwa kiasi kidogo sana. Walipopewa wagonjwa, iliwaumiza matumbo na mishipa ya fahamu bila kuwapa nafuu ya kutosha, ikawekwa kando. Miaka ikapita, wataalamu wakabuni njia ya kuifunga dutu hiyo kwenye kingamwili inayoipeleka kwenye seli ya kansa yenyewe, na mwaka 2013 ikaruhusiwa Marekani kwa aina fulani ya kansa ya matiti. Mti wetu ulikuwa na dawa kweli. Lakini jinsi ulivyotoka porini ulikuwa sumu.

Habari ya pili twaikumbuka wote. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu, na kutoka huku Kanda ya Ziwa pia, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500, nacho kilichemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga. Hatuandiki haya ili kumcheka mzee wala waliokwenda. Mgonjwa aliyekata tamaa hushika hata unyasi. Tunaandika kwa sababu ya jambo moja: wapo waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali, zikiwemo za VVU, wakiamini wamepona. Hasara kubwa haikuwa katika kikombe. Ilikuwa katika kile kilichoachwa.

FAMILIA IFANYE NINI

1. Usiache dripu wala mionzi ili kujaribu dawa nyingine. Wataalamu hutaka mionzi yote ikamilike ndani ya wiki nane hivi. Wiki zinazopotea katikati huipa kansa nafasi ya kukua tena, na haziwezi kulipwa baadaye.

2. Mwambie daktari au muuguzi kila kitu unachokunywa, unachojipaka na unachoweka ukeni. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Njoo na chupa yenyewe, na jani au mzizi, na jina lake kwa Kisukuma, Kikerewe, Kihaya au Kijita. Sema umeanza lini na unakunywa kiasi gani. Nanyi wauguzi, tunawaomba msimkaripie anayesema ukweli, maana akikaripiwa leo, kesho atanyamaza.

3. Wakati wa wiki za dripu, weka kando dawa yoyote ambayo wanaokutibu hawajaikubali, vikiwemo vidonge vya "asilia" vinavyouzwa madukani na stendi. Neno "asilia" halimaanishi salama. Hata tumbaku ni asilia.

4. Viungo vya jikoni kwa kiasi cha mboga si tatizo. Manjano katika mchuzi na tangawizi kidogo katika chai ni chakula. Unga wa vijiko na vidonge ndivyo vya kuulizia.

5. Mgonjwa ale vizuri: dagaa, sato, sangara, maharage, mayai, maziwa yaliyochemshwa, viazi vitamu, na matunda yaliyooshwa vizuri. Anywe maji ya kutosha yaliyochemshwa, kama hakukatazwa na daktari.

6. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitapika au kuharisha bila kukoma, mkojo ukipungua, macho yakiwa ya manjano, masikio yakivuma au damu ikitoka nyingi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje tarehe ya kliniki.

7. Mume asimwachie mke safari na gharama peke yake. Na ndugu wenye kupenda kuleta dawa, fedha ya chupa hiyo yaweza kuwa nauli ya wiki ijayo. Hiyo nayo ni dawa.

8. Mganga wa kienyeji asifanywe adui. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua, na inamtaka asajiliwe. Mganga mwema anayemwona mama anatokwa damu asiyotegemea amtume hospitali mapema. Yule anayesema, "Acha dripu, mimi nitakuponya," mkimbieni.

Na mwenye kuamini kwamba mti wa babu yake una nguvu kweli, njia ipo. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili, ambayo kazi yake ni kuchunguza dawa hizo. Mti upelekwe ukapimwe. Usijaribiwe kwa mgonjwa aliye kwenye dripu.

KINGA NI BORA KULIKO MSETO WOWOTE

Hatupendi kumaliza bila kutaja jambo ambalo Mwanza imelichangia dunia. Mwaka 2010 na 2011, katika shule za msingi 134 za mkoa huu, ilichunguzwa njia bora ya kuwafikishia wasichana chanjo ya HPV. Tangu mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika utafiti wa kujua kama sindano moja yatosha badala ya mbili au tatu. Matokeo yalionyesha kwamba sindano moja huamsha kinga inayodumu kwa miaka. Utafiti huo ulikuwa mmoja wa ushahidi uliozisaidia nchi nyingi kuhamia dozi moja. Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Watoto wa majirani zetu ndio waliotoa mikono yao ili jambo hili lijulikane. Itakuwa aibu sisi kuwakatalia binti zetu.

Kwa akina mama, uchunguzi kwa kupaka siki ya hospitali kwenye shingo ya kizazi huchukua dakika chache, na doa likionekana huweza kutibiwa kabla halijawa kansa. Kipimo cha virusi vya HPV nacho kinaendelea kuenea. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza uchunguzi katika umri wa miaka 30, na kwa wenye VVU miaka 25. Usingoje dalili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mti una dawa, na tayari umo katika chupa za hospitali, lakini umepimwa. Kuua seli katika maabara si kuponya mtu. Chupa inayofichwa ni hatari kuliko chupa inayoonyeshwa. Na dripu iliyoachwa huwa hasara kubwa kuliko zote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini wagonjwa wa kwetu huficha dawa za kienyeji wanapokwenda hospitali? Sisi tufanye nini ili wasifiche?

2. Katika jumuiya yetu kuna mama anayetibiwa kansa? Nani atamsindikiza wiki hii, na nani atakaa na watoto?

3. Binti zetu wa miaka 9 hadi 14 wamechanjwa wote? Akina mama wangapi kati yetu wamepimwa, na kituo cha karibu kinatoa huduma hiyo siku gani?